Amesamehe au Amesahau

4 Februari

Dada yangu Chiriku,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na binti yenu. Nasi huku tunapumua. Mvua imekatika, vumbi limerudi zamu yake, na jirani yetu wa duka la vitambaa bado anaimba kwa sauti ya chura akidhani hatumsikii. Kazi ya kushona ipo tele. Shule zimefunguliwa, na kila mzazi amegundua siku moja kwamba mtoto wake amerefuka.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini.

Mama aligongwa na pikipiki mwezi uliopita, mbele ya karakana yetu ya kushonea, akivuka barabara kumpelekea mteja sketi za watoto wake. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Alianguka kwa kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Alilazwa bila kujitambua, wakampasua kichwa kutoa damu iliyoganda, na siku alipofumbua macho madaktari walifurahi kuliko mimi, kwa sababu mimi niliona macho yamefumbuka lakini mwenyewe hajafika. Sasa anaongea. Mkono na mguu wa kulia ni mizito. Maneno mengine hayapati, anayapapasa kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka.

Najua utauliza mbona nimechelewa kukuandikia. Sikujua nianzie wapi. Simu ya kiwandani kwenu hawaiti mtu kwa mambo ya nyumbani, na mimi kulia kwenye simu ya dukani mbele ya watu wanaonunua sabuni siwezi.

Usije kwanza. Wodini wanaingiza mtu mmoja tu, na daktari anataka mgonjwa apate utulivu. Nitakuandikia.

Mdogo wako,
Kijiti


19 Februari

Kijiti mdogo wangu,

Pole, na pole tena. Salamu zako zimefika. Binti yangu anakuamkia. Ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema neno lenye "s" anapiga mluzi bila kutaka. Mimi niko kule kule kiwandani, mbele ya taa, chupa zinapita nami natoa zenye ufa. Shemeji yako mzima, ana kazi nyingi.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chakula. Niliporudi kwenye mashine niliacha chupa mbovu zipite mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia mama yangu ameumia. Akasema, "Kumbe una mama?" Miaka yote hii sijawahi kumtaja mbele yake.

Unajua alichoniambia siku ile mlangoni. Wewe ulikuwa shule ya bweni, lakini ulisimuliwa. "Ukitoka na huyo fundi redio wako, mlango huu usahau." Nikausahau, au nikajifanya. Sasa unaniambia nisije, wala sijasema nakuja. Mtu haendi asikoitwa.

Nina swali moja tu. Katika maneno aliyobaki nayo, mimi nimo? Ananitaja?

Nijibu hilo, hata kama mengine hutayajibu.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Habari za siku nyingi. Barua yako imekaa kwenye mfuko wa aproni yangu hadi imelainika kama kitambaa. Usinilaumu, mikono yangu ni miwili tu.

Mama yuko nyumbani. Kitanda chake nimekihamishia chumba cha mbele ili asipande ngazi. Asubuhi namwosha, namvalisha, kisha tunafanya mazoezi aliyotupangia mtaalamu wa hospitali: anafinya kitambaa kilichokunjwa, halafu anahamisha vifungo kutoka bakuli moja kwenda jingine kwa mkono ule mzito. Kifungo kikidondoka anakitazama kama amekosewa heshima.

Maneno ndiyo vita. Jana alitaka mkasi, neno likamkimbia, akaniambia, "Nipe wale mapacha wanaogombana." Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Naye akacheka. Dada, unakumbuka mama akicheka? Mimi sikumbuki. Huyu wa sasa anacheka. Anasema asante. Ukimpa maji anashukuru, ukimfunika shuka anashukuru. Yule mama aliyekuwa akifumua pindo zima kwa ajili ya mshono mmoja uliopinda, huyo hayupo. Mimi ananiita nesi. "Asante nesi." Watu wa mtaani wanaona ni utani mzuri, nami nacheka nao.

Karakana nimewaachia wale wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Shule moja imeturudishia shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Daktari anasema ubongo haupangiwi tarehe. Kumbukumbu zinaweza kurudi zote, au vipande, au zisirudi.

Nasikia harufu ya kuungua jikoni. Naishia hapa.

Kijiti


5 Aprili

Kijiti,

Hatujambo. Natumaini hamjambo.

Jirani yenu wa duka la vitambaa alikuja huku kununua majora, akanitafuta mpaka kwenye geti la kiwanda. Alidhani najua. Anasema kila jioni mama anakaa kwenye kiti mlangoni na kumwuliza kila mpita njia, "Hamjamwona Chiriku wangu? Amechelewa kutoka kazini."

Kila jioni, Kijiti.

Nilikuuliza swali moja. Ukanijibu habari za mikasi.

Dada yako


22 Aprili

Dada,

Salamu nitakutumia siku nyingine, nikiwa na pumzi.

Ndiyo. Anakutaja. Alikutaja kabla hajaomba maji. Pale wodini neno lake la kwanza lilikuwa Chiriku, na la pili Chiriku. Nilimwinamia nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akanitazama kwa adabu, ile adabu ya kumtazama mtu usiyemjua, akasema, "Asante nesi. Niitie binti yangu."

Sasa elewa, maana jirani hakukueleza yote. Mama amerudi nyuma. Miaka kama kumi na mitatu ya mwisho haimo kichwani mwake. Kwake wewe bado ni msichana unayefanya kazi posta na kurudi jioni, hujamjua fundi redio yeyote. Mimi niko bweni, msichana wa miaka kumi na mitano, nitakuja likizo, na anashangaa mbona likizo inachelewa. Akiona mwanamke mzima anamwosha na kumlisha, atajuaje kuwa ni mimi? Hata yeye mwenyewe hajijui. Alijitazama kwenye kioo akaninong'oneza, "Nesi, huyu bibi ni nani?"

Nilimwambia ukweli mara moja tu. "Mama, mimi ndiye mwanao mdogo, nimekua." Alipiga kelele. Alidhani nimemfanyia jambo baya mtoto wake na nimevaa nguo zake. Daktari akasema nisimlazimishe. Kwa hiyo nimekuwa nesi. Akiita, naitika.

Unaona basi kwa nini sikukujibu? Wewe uliondoka, mimi nikabaki. Nimebaki nikifumuliwa pindo, nikikemewa mbele ya wateja, nikaikataa posa ya mtu mwema ili mama asibaki peke yake. Hilo la posa hukulijua. Leo aliyebaki hayupo, na aliyeondoka ndiye anayesubiriwa mlangoni. Kama hiyo ni haki, nifundishe, maana mimi nimeshindwa kuiona.

Basi nimesema. Sasa nisikilize. Njoo. Kumbukumbu zimeanza kudondoka moja moja. Juzi amemkumbuka paka ambaye hata sisi tulikuwa tumemsahau. Iko siku ataikumbuka na siku ile ya mlangoni. Njoo kabla haijafika. Akukumbatie, akubariki, yaishe. Ila uje peke yako. Mtoto usimlete, na pete uivue. Ukimleta mtoto mama atauliza ametoka wapi. Hapo tutafika kwa fundi redio, na kwa fundi redio tutafika mlangoni.

Kijiti


9 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku tumeamka salama. Binti yangu amekuwa wa kwanza kwenye hesabu na wa mwisho kwenye kunyamaza, ndivyo mwalimu alivyoandika. Chiriku kazaa chiriku.

Kwanza, hilo la posa. Nimelisoma nikaacha barua mezani nikaenda kusimama nje. Sikujua, na nilipaswa kujua. Pole ni neno dogo, lakini sina kubwa zaidi.

La pili, hapana.

Binti yangu si mali ya magendo. Siwezi kumficha kwa jirani ili nikakae mbele ya bibi yake nikijifanya sijamzaa. Ana miaka minane. Ananiuliza kila siku bibi yake anafananaje. Nimwambie nini, kwamba nakwenda kumwona lakini yeye hayumo?

Na hiyo baraka unayotaka nikaichukue, si yangu. Ni ya yule msichana wa posta. Nikiichukua nitakuwa kama mwizi aliyengoja mwenye nyumba asinzie ndipo aingie. Ikiwa mama atanisamehe siku moja, nataka ajue anachonisamehe. Kusahau si kusamehe, Kijiti, hata kama yanakaribiana mdomoni.

Na shemeji yako naye hatakubali.

Usinikasirikie zaidi ya ulivyokwisha kukasirika.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Mzima wewe? Mimi sijui niseme mzima au la.

Mama alitoroka. Nilikwenda karakana kukagua mashati, nikamwacha amesinzia kwenye kiti. Niliporudi kiti kipo, fimbo ipo, mwenyewe hayupo. Nimekimbia mtaa mzima nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Unajua nilimkuta wapi? Posta. Alikuwa amekwenda kukuchukua kazini. Amevuka barabara ile ile iliyomwangusha, na kandambili mguu mmoja.

Lakini posta haipo tena pale, siku hizi wanauza magodoro. Nilimkuta amekaa juu ya godoro katikati ya duka, amekunja mikono, anasema haondoki mpaka zamu ya binti yake iishe. Mwenye duka anafoka, wateja wanacheka. Mlinzi alijaribu kumwinua, akapigwa kandambili ya uso. Nilipomshika mkono akaniambia, "Nesi, waambie hawa. Binti yangu yuko nyuma ya hilo dirisha." Hakukuwa na dirisha, Dada. Kulikuwa na magodoro hadi kwenye dari.

Tangu siku hiyo, nikitoka namfungia. Kwa ufunguo, kwa nje, mama yangu mzazi. Juzi nimerudi nikamkuta ameketi nyuma ya mlango, mikono imevimba kwa kuugonga. Hakunilaumu. Akanishukuru kwa kufungua.

Silali. Nimeanza kusahau na mimi. Jumatatu nimekata suruali za wavulana wakubwa kwa kipimo cha darasa la kwanza, jora zima. Jana nimemkaripia mama, akajikunyata kama mtoto, nami nikajisikia kama mnyama.

Sikuombi tena uje kwa ajili yake. Njoo kwa ajili yangu. Mlete mtoto, vaa pete, beba na redio yenyewe ukipenda. Nimechoka kuwa na akili peke yangu.

Kijiti


12 Juni

Kijiti wangu,

Salamu tutapeana ana kwa ana. Shule zikifungwa tunakuja, mimi na binti yangu. Nimeomba ruhusa bila mshahara, msimamizi amenuna lakini ametia sahihi.

Pete sina ya kuvaa. Niliivua zamani. Huyo shemeji uliyemsalimia aliondoka miaka minne iliyopita na hakuaga. Nilikuandikia "ana kazi nyingi," na labda ni kweli, anazo huko aliko. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utamwambia mama, na mama angesema neno moja tu ambalo nimelikimbia miaka yote: nilikuambia.

Sasa unajua kilichonishinda. Asiponikumbuka, mimi ni mwizi. Akinikumbuka, yeye ndiye alikuwa sahihi. Katikati sikuona pa kusimama. Lakini barua yako ya magodoro nimeisoma mara nyingi, na nimeona kwamba nilikuwa natafuta pa kusimama wakati wewe umebeba mzigo peke yako.

Mama akituzoea, wewe ondoka. Njoo ukae kwangu, ulale. Kitanda changu kiko dirishani, na jirani zangu si watu wa kuuliza maswali.

Dada yako


8 Agosti

Kijiti,

Natumaini umelala mpaka umechoka kulala. Huku wote wazima. Wasichana wako wanaendelea vizuri. Mashati siku hizi yana mkono wa kulia na wa kushoto, kila mmoja mahali pake.

Siku tuliyofika uliona mwenyewe. Uliona alivyonishika mashavu akasema, "Leo wamekuchelewesha." Uliona alivyomgeukia binti yangu akauliza, "Na huyu wa nani?" Nikasema, "Wangu, mama." Nawe umesimama kwenye mlango wa jikoni, umeshika sufuria kama ngao. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mbona hajapewa kiti?" Ikaishia hapo. Ulipoondoka siku ya nne ulidhani tumevuka.

Hatukuwa tumevuka. Wiki iliyopita ndipo tulipovuka.

Ilikuwa mchana. Mama anahamisha vifungo, binti yangu yuko miguuni pake anajifunza kupiga pindo, redio ya jirani inakwaruza ukutani. Mtoto akasema, bila kuinua kichwa, "Inakwaruza kwa sababu waya umelegea nyuma. Baba angeikaza mara moja."

Mama akasimamisha mkono. "Baba yako ni fundi redio?"

"Alikuwa. Aliondoka."

Mama aliinua uso akanitazama. Kijiti, sijawahi kuona mtu akirudi ndani ya uso wake namna ile. Macho yakawa yale ya zamani, yanayoona mshono uliopinda kutoka upande wa pili wa chumba.

"Nilikufukuza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hapo." Akanyoosha mkono ule mzito kuelekea mlangoni.

"Hapo hapo."

"Naye amekuacha."

"Ameniacha."

"Nilikuambia."

"Uliniambia, mama."

Nilikuwa nimeliogopa neno lile miaka mingi, na lilipokuja lilikuwa neno tu. Likapita. Nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Alilisukuma bakuli, vifungo vikatawanyika nyumba nzima.

"Unakaa kwangu, unakula kwangu, unanichekea," akasema, na maneno hayakumpotea hata moja. "Unajua kuwa sijui! Mmekaa mnanitazama kama mjinga. Toka!"

Neno lake lilikuwa lile lile nililokuandikia mwezi wa tano, la mwizi na mwenye nyumba aliyesinzia. Nilimshika binti yangu mkono tukatoka. Mlango ukafungwa nyuma yetu, nikasikia komeo.

Mara ile ya kwanza niliondoka kabla komeo halijatulia. Nilikuwa na mtu wa kuondoka naye, na kiburi cha kutosha safari nzima. Safari hii nilishuka ngazi moja, nikasimama. Binti yangu akaniuliza, "Ni mimi nimemkasirisha?" Nikamwambia, "Hapana. Ana hasira za zamani, zilikuwa zimepotea njia." Jirani wa duka la vitambaa akatuita kwake tukae kivulini. Nikakataa. Nikamwambia mtoto, "Tunakaa hapa hapa." Tukakaa kwenye ngazi, juani, mgongo kwenye mlango. Watu wanapita, wanatazama, wanapunguza mwendo. Acha watazame. Ndani nikawa nasikia kitu kinaburuzwa, kisha kimya, kisha kinaburuzwa tena. Nikasema moyoni, akianguka nitauvunja mlango.

Jua lilikuwa limeshahama kwenye ngazi komeo lilipofunguliwa.

"Mbona mmekaa juani?" akasema. "Ingieni, mtoto ataumwa kichwa."

Tukaingia. Vifungo vyote vilikuwa vimerudi bakulini. Alikuwa amevifuata sakafuni kimoja kimoja akijiburuza, magoti yamejaa vumbi. Akaomba chai. Nami nikamimina chai huku nikijiuliza, amesamehe au amesahau? Nilimtazama hadi akaniuliza kama ana kitu usoni.

Kesho yake asubuhi, namchana nywele, akasema, "Na yule mwingine mbona simwoni?"

"Nesi?" nikauliza.

"Nesi gani? Mdogo wako. Nani anasimamia karakana?"

Kitana kiliniponyoka. Nikamwambia umepumzika kwangu. Akafikiri. "Amechoka?" Nikasema umechoka sana. Akasema, "Hm." Unaijua ile "hm" yake.

Basi anakumbuka. Si yote, na mchana akichoka bado anapotea kidogo, lakini alipotufungulia mlango alijua anawafungulia nani. Sijamwuliza. Sitamwuliza.

Nikuambie na jingine, usije ukashtuka: ameacha kusema asante.

Rudi ukiwa tayari, si kabla.

Dada yako


17 Agosti

Dada,

Nakuandikia nikiwa kwenye kitanda chako cha dirishani. Majirani zako kweli hawaulizi maswali, lakini wanaleta chakula kwa macho ya kuuliza. Nimelala mpaka nimeota ndoto zenye mwanzo na mwisho.

Habari zako zimenifurahisha kwa ajili yako, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Nilipofika kwenye "nesi gani" niliitupa barua ukutani. Nusu mwaka nimemwosha, nimemlisha, nimejibu jina lisilo langu, hakunikumbuka. Nikamwondokea wiki chache, akanikumbuka. Ningejua ningeondoka mapema!

Nimecheka hilo mpaka likageuka. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa siku hizi ndio tunaoambiana. Naogopa kurudi. Nesi alipendwa, Dada. Nesi alishikwa mkono, akaambiwa ana vidole vyepesi, akasimuliwa habari za ujana. Mimi sikumbuki kupendwa hivyo hata siku moja. Nikirudi nitamkuta mama, na yule mwanamke aliyekuwa akicheka sitamwona tena. Namlilia mtu ambaye hajafa, na siwezi kumwambia yeyote isipokuwa wewe.

Ruhusa yako inaisha lini? Nitarudi siku moja kabla.

Kijiti


9 Septemba

Dada yangu,

Natumaini mlifika salama, na binti yetu hakuwapigia abiria miluzi njia nzima. Basi langu liliharibika, tukalala njiani, ndiyo maana wewe uliondoka asubuhi nami nikafika alasiri, tukapishana kama zamu za kiwandani kwako. Jirani ndiye aliyekaa naye hapo katikati. Anasema walibishana juu ya rangi ya kitambaa, na jirani alishindwa.

Nilisimama mlangoni muda, mfuko mkononi. Mama yuko kwenye meza ya kukatia, amevaa miwani, mkasi kwa mkono wa kushoto. Hakugeuka.

"Umechelewa," akasema.

"Basi liliharibika, mama."

"Funga mlango, vumbi linaingia." Nikafunga. Akainua kipande cha shati. "Nani ameshona kola hizi?"

"Mimi."

"Zimepinda. Zote. Ulikuwa unashona umelala?"

"Karibu na hivyo."

"Fumua."

Mtu mzima mimi, nikaweka mfuko chini, nikaenda jikoni, nikajifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Nililia, sikufichi. Miezi yote ile aliniomba kila kitu kwa upole. Nesi hakemewi hivyo. Hivyo anakemewa mtoto wa nyumbani.

Nikarudi nikakaa, nikaanza kufumua. Kisha akavuta kiti karibu, akashika upande wa pili wa kola kwa mkono ule mzito ili kitambaa kikaze. Hakuiachia.

"Siku zile nani alikuwa ananiosha?" akauliza.

"Mimi."

"Hm." Nikafumua mishono kadhaa. "Maji yalikuwa baridi."

Dada, nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Yeye hakucheka. Ila pembe ya mdomo wake niliiona, na hilo nitajipa mwenyewe, hata kama atakataa. Yule mwanamke wa "mapacha wanaogombana" namkosa bado. Baadhi ya asubuhi, akiamka, huwa yumo kwa dakika chache kabla mama hajafika. Namwamkia haraka.

Jana alianza kupima kitambaa cha buluu, kipande kidogo. Nikamwuliza ni cha mteja gani. Akasema ni gauni la mtoto, maana alilovaa alipokuja lilikuwa na pindo la aibu, na likizo ijayo lazima aje.

Nikakusanya ujasiri nikamwuliza, "Na mama yake?"

Alinitazama juu ya miwani kama nimeuliza kama mvua ina maji.

"Mtoto wa miaka minane," akasema, "atasafiri peke yake?"

Usingojee neno zuri zaidi ya hilo. Kata tiketi mbili.

Mdogo wako,
Kijiti